Juu ya Kiswahili cha Lebo za Tovuti

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa tenzi, wa riwaya na wa kamusi. Yamkini watashangaa kukuta uhakiki wa maandishi ambayo hayaonekani na asomaye, wala hayana mtunzi anayejitaja, wala aghalabu hayazidi mistari minne. Nayo ni maneno yawekwayo kichwani mwa ukurasa wa tovuti, ndani ya msimbo wake, ili kuiarifu mashine kwamba ukurasa huu waitwa hivi, wahusu jambo hili, na umeandikwa kwa lugha hii. Mafundi huyaita metatagi. Mimi nitayaita lebo, kwa kuwa neno hilo lipo dukani na kila mtu alijua, na kazi yake ni ile ile ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kopo: kumwambia mnunuzi kilichomo kabla hajalifungua. Kwa hakika si lebo zote nitakazozitaja zilizo metatagi kwa maana kamili ya mafundi, maana ile ya kichwa na ile ya lugha zina mahali pake katika msimbo. Lakini tofauti hiyo ni ya ufundi, nasi hapa twatazama lugha.

Likizo iliyopita nilikuwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika uwanda wa Usangu mkoani Mbeya. Mji ule una watu wa asili nyingi: Wasangu wenyewe, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, na Wabaluchi ambao wazee wao walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulima mpunga wa kumwagilia katika uwanda huo. Lugha iwakutanishayo sokoni ni Kiswahili, na bidhaa iwakutanishayo ni mpunga. Kijana mmoja mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala alikuwa amejitengenezea tovuti ya kuuzia mchele wa shamba la baba yake na wa majirani. Malalamiko yake yalikuwa mafupi. Mtu akiandika katika Google jina kamili la duka, ukurasa watokea. Akiandika "mchele wa Mbeya", hautokei, au watokea mbali sana, chini ya kurasa za wafanya biashara wa Dar es Salaam ambao, kwa kauli yake, hawajapata kukanyaga jaruba.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia. "Wewe umesomea lugha mpaka Ulaya. Hebu nitazamie maneno haya."

Nikatazama. Lebo ya kichwa ilisema "Nyumbani", basi. Lebo ya maelezo ilisema: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa kutoa wali bora na huduma za kuaminika." Lebo ya maneno ya kutafutia ilikuwa ndefu kuliko ukurasa wenyewe, imejaa "mchele", "mchele bora", "mchele bora Mbeya", "mchele Kyela", "Kyela", na "Kyela" tena. Na lebo ya lugha ilikuwa "en", yaani Kiingereza, ijapokuwa ukurasa mzima haukuwa na sentensi moja ya Kiingereza.

Nianze na kichwa. "Nyumbani" ni tafsiri ya neno kwa neno ya desturi ya Waingereza kuuita ukurasa wa kwanza wa tovuti kwa neno la nyumba. Kwa Kiswahili nyumbani ni mahali mtu anapolala na kupikiwa. Tovuti nyingi sasa huandika "Mwanzo", nalo ni neno zuri ndani ya ukurasa, pale msomaji anapotaka kurudi alikotoka. Lakini hata "Mwanzo" likiwekwa katika lebo ya kichwa halifai kitu, kwa sababu kichwa hicho husomwa na mtu ambaye bado yuko nje. Anaona orodha ya vichwa kumi katika kioo cha simu yake, naye yu katika kuchagua mlango. Mlango ulioandikwa "Nyumbani" ni nyumbani kwa nani?

Watunzi wetu wa kale hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika tenzi nyingi mtunzi hutumia beti za mwanzo kueleza anachokusudia kusimulia, na beti za mwisho kujitaja jina, pengine na nasaba na mji wake, idadi ya beti, na tarehe aliyomalizia. Alijua kwamba kazi yake itanakiliwa kwa mikono asiyoijua na kusomwa katika miji asiyopata kuifika, na kwamba karatasi ikichanika hapana atakayebaki wa kuulizwa. Mwenye kuorodhesha miswada hata leo huzitegemea sana beti hizo. J. W. T. Allen, ambaye katalogi yake ya miswada iliyohifadhiwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam ilichapishwa 1970, alifanya kwa mkono kazi ile ile ambayo lebo hufanya kwa mashine: kusema ni kitu gani, cha nani, cha lini, katika maneno machache ambayo mtu wa mbali aweza kuyatumia. Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba lebo ni jambo geni lisilo na mizizi kwetu. Kilicho kigeni ni Kiswahili tunachozijazia.

Tukaandika kichwa kipya: "Mchele wa Rujewa, Mbeya: Bei kwa Kilo na Gunia". Ni herufi 46, nikihesabu nafasi na vituo. Google haikuweka idadi maalumu ya herufi, bali hukata pale nafasi ya kioo iishapo. Desturi ya wenye kazi hii ni kukadiria herufi 60 hivi kwa kichwa na 155 hivi kwa maelezo. Kichwa kile si utenzi, lakini hakimdanganyi mtu.

Sasa maelezo, na hapa ndipo penye jambo kubwa. Kijana alikuwa amechukua maneno ya Kiingereza yaliyokuja na kiolezo alichonunua, akayapitisha katika mashine ya kutafsiri, akayabandika. Mashine ikampa "wali". Kila Mswahili ajua kwamba Kiingereza kina neno moja mahali ambapo sisi tuna matatu. Ulioko shambani na ulio katika maganda ni mpunga. Uliokobolewa ni mchele. Uliopikwa ni wali. Mtu anayeuza wali ni mama lishe, wala hauzi kwa gunia. Basi mkulima wa Usangu, katika mstari wa pekee aliopewa ili ajieleze mbele ya ulimwengu, alikuwa amejitangaza kuwa mpishi. Nalo si kosa la mzaha. Anayetaka kununua tani nzima huandika "mchele". Mwenye mashine ya kukobolea hutafuta "mpunga". Na anayeandika "wali" yu jikoni anataka kujua kiasi cha nazi. Kila neno lina mnunuzi wake, na ukikosea neno umekosa mtu.

Sentensi ile nyingine, "Sisi ni kampuni inayoongoza", ni ya aina ambayo sasa imejaa kila mahali. Inaongoza nini, na nani anafuata? Kiswahili cha biashara kilikuwapo kabla ya matangazo haya, nacho kina maneno yake makavu na ya kweli. Nendeni soko lolote la nafaka msikilize. Mnunuzi huuliza: ni supa au saro? Una chenga? Umechanganywa? Gunia ni la kilo ngapi, au ni lumbesa? Hayo ndiyo maswali, na maelezo mazuri ni yale yanayoyajibu kabla hayajaulizwa. Nikamwandikia hivi: "Mchele wa supa na saro kutoka Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya. Mpunga wa mwaka huu, uliokobolewa bila kuchanganywa. Bei kwa kilo na kwa gunia." Ni herufi 140. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Kijana akasoma, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mwaka huu ni upi? Mimi lebo sitaigusa tena mpaka kompyuta ife."

Alikuwa amesema kweli. Sentensi yangu ingekuwa ya haki kwa msimu mmoja, kisha ingegeuka uongo pasipo mtu kuugusa. Tukafuta "mwaka huu" tukaandika "Usangu", zikabaki herufi 137, na maelezo yakawa bora, maana jina la uwanda ule laongeza habari ambayo mwaka haukuwa nayo. Nakiri kwamba mhakiki alihakikiwa.

Msomaji aweza kuuliza: je, maelezo hayo huupandisha ukurasa? La. Google yenyewe ilisema tangu 2009 kwamba haiitumii lebo ya maelezo katika kupanga daraja la kurasa. Huitumia pengine kama mistari ile miwili ionekanayo chini ya kichwa, na pengine huiacha ikachota maneno mengine ndani ya ukurasa ikiona yanalifaa swali zaidi. Kinachoupandisha ukurasa ni maandishi ya ukurasa wenyewe, na kurasa nyingine zinazouelekea. Wapo wanaosikia hayo wakasema basi lebo haina kazi. Mimi naona kinyume chake. Maadam lebo hiyo husomwa na mtu akiwa katika kuchagua, basi imetoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwa mwandishi. Yafaa ihukumiwe kama maandishi mengine yote: je, yana ukweli, yana lugha, yamemjua msomaji wake?

Lebo ya maneno ya kutafutia ina historia ya kusikitisha kidogo. Katika miaka ya 1990, zama za AltaVista na Infoseek, ilikuwa na nguvu, kwa sababu mashine za wakati ule zilimwamini mwenye ukurasa. Akisema ukurasa wake wahusu dhahabu, zilikubali. Hazikuchukua muda watu wakajua, wakajaza humo kila neno lililopendwa hata kama halikuhusu, na neno moja mara mia. Imani ikaisha. Mwezi Septemba 2009 Google ikatangaza hadharani kwamba haiitumii kabisa katika kupanga matokeo ya utafutaji wake wa kawaida. Kijana wa Rujewa, kwa hiyo, alikuwa anapanda mbegu katika shamba lililokufa kabla hajajua kusoma. Na alikuwa anapanda mbegu si yake. Kyela ni wilaya nyingine, kando ya Ziwa Nyasa, na mchele wake umejijengea jina kwa harufu na ladha. Nilimwuliza kwa nini ameandika Kyela mara tatu.

"Watu wanatafuta Kyela, mwalimu."

"Na wakifika wakakuta Rujewa?"

Akanyamaza, kisha akasema kwamba sokoni Dar es Salaam wapo wanaofanya hivyo na magunia, sembuse yeye na maneno. Hoja hiyo ina nguvu kuliko nilivyotaka kukubali mbele yake. Hata hivyo tuliiacha lebo ile tupu.

Sasa nije katika jambo linalotuhusu sisi wa isimu zaidi ya wote, nalo ni umbo la neno la Kiswahili. Mbinu za kale za kutafuta maneno zilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kanuni iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza hukata miisho, ikabakiza shina. Ukiichukua kanuni ya namna hiyo ukaipa "wauzaji", "wanaouza", "tunauza", "unauzwa" na "mauzo", haitapata kitu, kwa maana mabadiliko yetu makubwa yako mbele ya shina, na ndani yake mna nafsi, wakati na kirejeshi. Wenye kamusi walilijua tatizo hili zamani. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyotoka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson iliyakusanya maneno mengi ya mnyambuliko chini ya kitenzi chake, hata mwanafunzi ilimpasa ajue shina kwanza ndipo alione neno. Na kila aliyefundisha wageni akumbuka jinsi walivyohangaika. Kwa upande wa mashine, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kujenga uchanganuzi wa maumbo ya Kiswahili kwa kompyuta, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mashine za leo zina akili kuliko kanuni ya Porter, wala sisemi kwamba hazijui kabisa kwamba "muuzaji" na "wauzaji" ni ndugu. Lakini nilipojaribu, kwa simu yangu, kuandika "wauzaji wa mchele Mbeya", kisha "wanaouza mchele Mbeya", kisha "mchele unauzwa wapi Mbeya", orodha tatu zilizotoka hazikufanana. Mtu mmoja, haja moja, milango mitatu. Mwandishi wa Kiingereza hana shida hii kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ushauri wa kawaida unaotafsiriwa kutoka vitabu vya Kiingereza, kwamba chagua neno moja la msingi ulirudie, hautufai kama ulivyo. Neno letu la msingi lina nguo nyingi. Lililo salama katika kichwa ni jina, yaani "mchele" na "bei", kwa sababu majina hayo aghalabu hutumika kwa umbo moja tu. Vitenzi na viambishi vyake viachwe vienee ndani ya ukurasa kwa maumbo mbalimbali, kama yanavyokuja yenyewe katika usemi wa mtu asemaye vizuri. Mwandishi mzuri wa Kiswahili hutofautisha maumbo bila kuambiwa. Anayerudia umbo moja mara ishirini ili aifurahishe mashine huharibu insha, wala sijaona dalili kwamba mashine yafurahi.

Lebo ya lugha ni herufi mbili tu. Viwango vya kimataifa vimekipa Kiswahili "sw", na kwa maandishi ya tovuti kanuni ni kutumia msimbo mfupi uliopo. Ile mirefu, "swa" kwa lugha zote za jamii hii kwa ujumla, "swh" kwa Kiswahili cha pwani na "swc" kwa cha Kongo, ina mjadala wake miongoni mwa wana-lahaja ambao sitauingia. Anayetaka kupambanua nchi aweza kuandika "sw-TZ" au "sw-KE", na kwa muuza mchele si jambo dogo, maana shilingi ni mbili.

Kosa la "en" lilitoka katika kiolezo. Hakuna aliyelikusudia. Google imesema kwamba huitambua lugha ya ukurasa kwa maneno yaonekanayo, wala haitazami lebo hiyo. Basi kwa upande wa utafutaji kijana hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mtu mwingine. Nilimwomba aufungue ukurasa wake kwa programu isomayo kwa sauti kwa ajili ya wasioona. Programu ikatii lebo: ikausoma mchele wa Usangu kwa kinywa cha Mwingereza asiyepata kusikia Kiswahili. Sikulitambua hata neno "gunia". Tukabadili herufi mbili, tukausoma tena, na sauti, ingawa ni kavu kama ya mashine, ikawa ya lugha yetu. Kijana alicheka sana mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Ana shangazi asiyeona, akaniambia, naye ndiye anayejua bei za soko kuliko wote nyumbani.

Nisije nikaonekana namsema mwenye duka peke yake. Mwaka mmoja nilitafuta makala yangu mwenyewe, iliyotoka kwa Kiswahili katika jarida moja ambalo sitalitaja, nikaikosa. Nilipoipata kwa njia nyingine nikaangalia lebo zake. Google Scholar huwataka wachapishaji waweke lebo za jina la makala, la mwandishi na tarehe, nazo zilikuwapo. Jina la makala lilikuwa tafsiri ya Kiingereza ambayo sikuiandika mimi, lugha ilikuwa "en", na mwandishi alikuwa bwana mmoja aitwaye "Msimamizi". Makala ilihusu upotevu wa istilahi. Tunalalamika kwamba Kiswahili hakionekani katika elimu ya juu ya dunia, na huku tunakipeleka huko kimevishwa jina la mwingine. Mtafiti wa Oman au wa Chicago anayeandika swali lake kwa Kiswahili fasaha atawezaje kutufikia? Kazi ya kusahihisha lebo za makala moja haizidi dakika kumi, na kila jarida lina mtu anayekesha akisahihisha mikato na nukta. Mtu huyo huyo apewe na lebo.

Limebaki jambo moja la Rujewa ambalo hatukulimaliza. Jina la mji nimeliona limeandikwa pia Lujewa, na katika nyanda zile wasemaji wengi hawapambanui sana "r" na "l". Ndiyo maana "mchere" huandikwa katika vibao vya maduka pasipo haya. Nilimshauri kijana aweke ndani ya ukurasa, mara moja tu, sentensi isemayo kwamba Rujewa huandikwa pia Lujewa, ili atafutaye kwa tahajia hiyo naye afike. Alikataa. Alisema wanunuzi wake ni wa Dar es Salaam na Dodoma, na wao hawaandiki Lujewa. Aandikaye Lujewa ni jirani, na jirani ajua duka lilipo. Kuhusu "mchere", alisema ataliongeza siku nitakapolikubali katika kamusi.